Nilimwitia Mwizi Mtu Aliyenichimbia Kisiki

Hakuna aliyenisingizia. Nilifanya mwenyewe, kwa mdomo wangu na kwa mguu wangu, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu. Naanza hivi ili usije ukahangaika kunitafutia mahali pa kunionea huruma.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, fundi cherehani, naishi Gitega. Nilizaliwa Burundi nikakulia Tanzania, kambini Kigoma, tukarudi nikiwa msichana mkubwa. Majina nitakayotaja si ya kweli. Nimeyabadilisha kwa ajili ya wenyewe, maana mmoja wao akijua jina lake linatoka kinywani mwangu, nadhani atatapika.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Mume wangu ni mwalimu, anafundisha Muyinga. Watoto wetu wawili wanakaa naye huko pamoja na mama yake, kwa sababu nyumba tuliyonunua Gitega ina chumba kimoja na sebule. Miaka miwili nilikuwa nalala peke yangu na cherehani yangu. Basi tukasema tuongeze vyumba viwili nyuma, watoto waje, naye aombe uhamisho. Matofali tulishanunua. Mchanga ulishamwagwa. Kilichobaki ni kisiki.

Kisiki gani kile! Mwenye nyumba wa zamani alikata mkaratusi, akauza mbao, akaacha shina pale pale tulipotaka kujenga. Mimi na mume wangu tulijaribu kukizunguka kwa mikono, vidole vyetu havikukutana. Kila mvua ikinyesha kinachipua. Mizizi ilishapasua sakafu ya choo.

Siku moja mume wangu alinionyesha video kwenye simu. Nchi za watu huko, mashine yenye meno inakaa juu ya kisiki inakisaga kama mahindi. Dakika kumi, hakuna kitu, unaona unga tu wa mti. Tulicheka sana.

Ile video ilinipotosha, wallahi. Kuanzia siku hiyo, kichwani mwangu kutoa kisiki kukawa kazi ya dakika kumi.

Nikaanza kuuliza bei. Wa kwanza alikuwa mwenye msumeno wa mota. Alikitazama kisiki toka getini, hata hakuingia vizuri, akasema, "Laki tatu. Na mafuta ya mashine utatafuta wewe."

Mafuta! Wakati huo watu walikuwa wanalala kwenye foleni ya petroli siku mbili. Nikamwambia asante, nenda salama.

Jirani yangu alinisikia. Huyu nitamwita Mama Neema. Ni Mkongomani wa Uvira, anauza vitenge sokoni, anasali, anaongea kwa sauti kubwa, ana moyo mkubwa kuliko sauti yake. Aliniambia, "Achana na ule wa mashine. Ye anakata ya juu tu, mizizi inabakia chini, kesho inaota tena. Mi najua mtu moja wa Itaba, ndiye alitoa kisiki ya nyuma ya kanisa yetu. Iko mtu wa kazi, kabisa!"

Ndivyo Minani alivyokuja kwangu. Alitoka kwenye mdomo mzuri.

Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mikono mirefu. Hakukurupuka kutaja bei. Alikizunguka kisiki, akapiga magoti, akakwangua udongo kwa panga, akafuata mzizi mmoja mpaka ulipozama, akaja upande wa pili akafanya vile vile. Akajifuta mikono kwenye suruali.

"Mama, huu ni mkaratusi wa zamani. Watu wawili, siku tano. Laki moja na ishirini."

"Laki moja na ishirini kwa kuchimba shimo?"

"Si shimo. Shimo ningekuchimbia kwa elfu ishirini. Hiki ni kisiki."

Kiswahili chake kilinishtua, hakikuwa cha hapa. Nikamuuliza, "Wewe umekulia wapi?"

"Kigoma. Kambini."

Ni kambi ile ile! Tukaanza kukumbushana. Foleni ya maji. Turubai zilizokuwa zinavuja. Mahindi ya njano ya msaada, yaliyokuwa magumu hata uyachemshe mpaka jioni. Alicheka, na mimi nilicheka. Halafu unajua nilifanya nini? Kicheko kile kile nikakigeuza kuwa silaha.

"Basi kaka, sisi ni ndugu. Nipunguzie. Elfu sitini."

Alikitazama kisiki, akanitazama.

"Elfu sitini siwezi kumleta mwenzangu. Nitafanya peke yangu."

"Fanya peke yako. Nani anakuzuia?"

"Haya, dada," alisema. "Kwa sababu ya yale mahindi."

Kuanzia hapo aliniita dada. Akaja kesho yake na jembe, sururu na panga. Shoka lake lilikuwa dogo, nikampa la mume wangu, lile kubwa la mpini mweusi.

Nataka ujue kazi ile ilivyo, kwa sababu mimi sikuijua. Siku ya kwanza na ya pili alichimba mfereji kukizunguka kisiki, mpaka akazama kiunoni. Siku ya tatu akaanza kukata mizizi. Mzizi mmoja una unene wa paja la mtu, na mkaratusi mbichi unarudisha shoka kama unapiga mpira. Alikuwa anapiga, anavuta pumzi, anapiga. Jasho linamwingia machoni. Kuna wakati shoka liliteleza likampita unyayo kwa upana wa kidole. Alikaa chini kidogo, akatikisa kichwa, akaendelea.

Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na cherehani yangu, namhesabia.

"Kaka, leo siku ya tatu, bado?"

"Kaka, huko kwenye mashine wanafanya dakika kumi!"

Mungu wangu, nilimwambia hivyo. Mtu yuko shimoni, mikono imechanika, na mimi namwambia habari za mashine niliyoiona kwenye simu! Siku ya nne sikumpa hata uji, kwa hasira zangu za kuona kazi haiishi.

Siku ya tano aliniita nije nitazame. Mzizi mkubwa ulikuwa umeingia chini ya ukuta wa nyumba, na ule wa katikati unashuka moja kwa moja chini kama nguzo.

"Dada, huu siwezi peke yangu. Niongeze elfu ishirini, nimlete mdogo wangu. Siku mbili kimetoka."

"Makubaliano ni makubaliano."

"Ni kweli. Ila ulivyonipunguzia, ulinipunguzia mtu."

Nilimgeuzia mgongo.

Siku ya saba, saa tisa na nusu mchana, alitoka shimoni akasimama mbele yangu. Viganja vyake vilikuwa vimefungwa vitambaa, na vitambaa vina damu. Akasema kwa upole tu, "Dada, nimeshindwa. Nilipe za siku hizi saba unavyoona wewe, utafute mwingine amalizie."

"Sikulipi hata faranga moja mpaka kisiki kiwe nje!"

"Nyumbani wanasubiri."

"Hilo linanihusu nini?"

Halafu akaokota vifaa vyake, na shoka la mume wangu akaliweka begani.

"Hili nakaa nalo. Siku utakayonilipa nitalirudisha. Sikimbii, Mama Neema anajua kwangu."

Akatoka getini, polepole, kama mtu yeyote anayetoka kazini. Nikamfuata. Ng'ambo ya barabara kuna kabare, yaani kilabu cha pombe, watu walikuwa wanakunywa, na vijana wa baiskeli za kubeba abiria wamejazana kivulini. Nikaanza kumgombeza pale barabarani, rudisha shoka, rudisha shoka! Watu wakageuka. Wengine wakaanza kucheka.

Minani akasimama. Akanigeukia, akasema maneno ambayo siyasahau: "Kule kambini tulikuwa tunalia njaa wote, dada. Leo umekuwa bosi."

Kabare nzima ilisikia. Mtu mmoja akapiga meza kwa kicheko.

Niliona giza. Nakuambia ukweli, sikuwa naogopa lile shoka, wala sikuwa nalihitaji. Niliona aibu. Nikafungua mdomo nikapiga kelele kwa Kirundi, ili pasiwe na mtu wa kusema hakuelewa: "Igisuma! Igisuma!"

Mwizi! Mwizi!

Hapakuwa na muda hata wa kumeza mate. Kijana wa kwanza alirusha baiskeli yake chini na kumpiga Minani teke la kiuno kwa nyuma. Akaanguka kifudifudi. Akajaribu kuinuka, akasema, "Mimi ni wa kazi, mi..." Tofali likampiga mdomoni. Hakumaliza.

Walitoka wapi watu wale? Nilihesabu baadaye kichwani, walikuwa kama thelathini. Walitoka kabare, walitoka kwenye vibanda, mmoja alitoka kwa kinyozi na sabuni kwenye ndevu. Fimbo, mawe, mnyororo wa baiskeli. Mnyororo ukishuka mgongoni unatoa sauti ya nguo inayochanika. Mimi ni fundi, sauti hiyo naijua.

Alikuwa anajikunja kuficha kichwa. Wakampindua. Mtu mmoja, mzee wa watu kabisa, mwenye shati limepigwa pasi, akaniuliza, "Mama, ni huyu?"

Hapo ndipo nilipoweza kumwokoa. Kwa neno moja tu, hapana!

Nikasema, "Ndiyo, ni huyo."

Yule mzee akamkanyaga shingoni.

Na si hivyo tu. Minani alitambaa kuja upande wangu. Alikuwa ananiona. Jicho moja lilikuwa limeshafunga, lile lingine ananiangalia nalo. Akanishika mguu, akasema, "Dada." Na mimi nikamrushia teke usoni.

Ndiyo, mimi! Kwa kiatu hiki hiki cha kanisani. Unaweza kuacha kunisikiliza hapa ukitaka.

Halafu mmoja akaokota shoka. Akasema tumkate mkono wa kuibia. Wenzake wawili wakaukanyaga mkono wa kulia ukanyooka juu ya lami. Yule akaligeuza shoka, akapiga kwa upande wa nyuma, ule butu. Mara moja. Mara mbili. Sitakueleza sauti yake. Minani hakupiga kelele, alitoa pumzi ndefu tu, kama ile aliyokuwa anaitoa shimoni akikata mzizi.

Ndipo Mama Neema akatokea, anatoka sokoni, bunda la vitenge kichwani. Alilitupa bunda barabarani. Mwanamke yule ni mnene, lakini alipita katikati ya wanaume wale akajitupa juu ya Minani, akamfunika mwili mzima.

"Muache! Muache huyu muntu! Ni ule wa kisiki! Si mwizi, mimi namujua, mimi ndo nilimuleta!"

"Toka, Mkongomani! Rudi kwenu!"

"Muniue na mimi basi! Muniue!"

Fimbo ikampiga mdomoni. Aliinua kichwa, damu inamchuruzika kidevuni, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Mama weye, sema! Sema ni wa kazi! Banamuua, sema!"

Sikusema.

Aliendelea kulala pale juu yake, anapigwa, analia jina la Yesu, mpaka mikono ikaanza kuwalegea mmoja mmoja. Wakaanza kuondoka. Kabare ilikuwa tupu dakika ile ile, chupa zimebaki juu ya meza.

Polisi walipofika waliniuliza. Nikawaambia aliiba shoka na alikuwa ameingia ndani kutafuta pesa. La pili hilo nililitunga hapo hapo, hata halikunipa shida. Wakaandika, nikatia sahihi. Minani wakampakia nyuma ya gari kama mfuko wa mkaa, wakampeleka hospitali na askari wa kumlinda asitoroke. Mtu ambaye hawezi hata kukaa!

Mama Neema alikuwa anaokota vitenge vyake vilivyokanyagwa. Nikainama nimsaidie. Akasema bila kuniangalia, "Usiguse." Meno yake mawili ya mbele hayakuwepo.

Kesho yake asubuhi nilipanda teksi ya probox ya kwenda Muyinga kupitia Karusi. Nilimwambia mume wangu kwamba mwizi alikuja, watu wakampiga, nimeogopa kukaa peke yangu. Akanikumbatia. Akasema, "Afadhali umepona wewe."

Nilikaa Muyinga wiki tatu. Mama mkwe alikuwa akipasua kuni nyuma ya nyumba, natoka nje natapika. Waliniuliza kama nina mimba. Watoto walifurahi kuniona kila siku, wananikalia mapajani, na mimi nilikuwa nauficha chini ya kiti mguu wa kulia, ule niliompigia teke Minani.

Ijumaa moja mume wangu alisema anakwenda Gitega kuangalia nyumba na kumalizia kile kisiki mwenyewe, kwani si mtu alishachimba nusu? Nilijaribu kumzuia. Nitamzuia kwa sababu gani?

Aliazima shoka, akachimba Jumamosi, akachimba Jumapili. Jumapili alasiri akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mimi hapa nina siku mbili. Mikono yangu imetoka ngozi. Sijamaliza hata mzizi mmoja."

"Acha basi, tutatafuta mtu."

"Nataka kukuuliza kitu. Nimesimama ndani ya shimo, linanifika kifuani. Mwizi gani anachimba shimo la kumfika kifuani, siku saba, ndipo aibe shoka?"

"Nimeongea na Mama Neema," akasema, akakata simu.

Alirudi Muyinga jioni ya Jumatatu. Aliwatoa watoto nje, akafunga mlango. Miaka kumi na tano ya ndoa, hajawahi kunigusa kwa ubaya. Siku hiyo alinikamata blauzi akanibamiza ukutani, plasta ikadondoka. Akanyanyua mkono. Na mimi nikamletea uso, nilitaka anipige, nilitamani sana anipige!

Akaushusha mkono. Akasema, "Hapana. Hiyo itakuwa nafuu kwako." Akakaa kitandani akalia.

Siku ya Jumatano nilikwenda kituo cha polisi Gitega, nikawaambia nilidanganya. Mwanzoni yule askari alidhani nimechanganyikiwa. Aliniuliza mara tatu, "Unajua unachosema?" Halafu akaniambia nivue mkanda na kitambaa cha kichwa, wakanitia kasho, mahabusu ya hapo kituoni.

Siku kumi na moja. Kwenye chumba cha wanawake tulikuwa tisa. Waliniuliza kosa langu, nikawaambia, sikuwa na nguvu ya kutunga tena. Mmoja wao akakaa kimya mpaka wengine waliposinzia mchana. Kumbe kaka yake aliuawa kwa kelele hiyo hiyo, sokoni, kwa ajili ya simu ambayo baadaye ilionekana. Alinikamata nywele akanigonga uso sakafuni. Akanigonga tena. Wenzake waliamka, wakanitazama tu. Nina kovu hapa juu ya nyusi, nyuzi nne. Sikumshtaki. Ningemshtaki kwa nani?

Nilipotoka, kesi ya Minani walishaifuta. Tuliuza cherehani, tukauza na matofali, tukalipa hospitali. Halafu mimi na mume wangu tukaenda Itaba.

Minani alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake anapukuchua maharagwe kwa mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameuweka juu ya paja, amefunika na kitambaa. Vidole vitatu walivikata hospitali. Viwili vilivyobaki havikunji. Jicho lile nililolipiga teke linaona ukungu.

Mke wake alinitambua kabla sijasalimia. Sijui alinijuaje, hatukuwahi kuonana. Alichukua mpini wa jembe ulioegemea ukutani akanishukia nao. Mgongoni, begani, mgongoni. Nilipiga magoti. Mume wangu alisimama pale pale, hakunyanyua hata kidole, na alifanya vizuri.

Minani ndiye aliyesema, "Inatosha. Usije na wewe ukaitiwa watu."

Mwanamke akatupa mpini, akaingia ndani. Tukamsikia anapiga kelele huko ndani peke yake.

Nikamwambia Minani yale niliyokwenda kusema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kitu nisichokitegemea.

"Unakumbuka bei niliyokuambia siku ya kwanza?"

"Laki moja na ishirini."

"Ilikuwa bei ya kweli. Sikukuongezea hata faranga moja."

Nililia. Yeye hakulia.

"Mkono umeshakwenda," akasema. "Kinachoniua ni kingine. Pale barabarani kulikuwa na watu wa huku. Wanangu wakienda shule wanaitwa watoto wa mwizi. Mke wangu akienda kisimani wanaficha ndoo."

"Niambie nifanye nini. Chochote."

"Nenda mahali pale pale. Saa ile ile. Piga kelele kama ulivyopiga, useme si mwizi."

Nilikwenda Jumamosi. Saa tisa na nusu. Kabare ilikuwa imejaa. Nilisimama katikati ya barabara, nikavuta pumzi nikapiga kelele mpaka koo likauma: "Si mwizi! Yule mtu hakuwa mwizi! Ni mimi niliyedanganya, alikuwa mtu wangu wa kazi!"

Kwa lile neno la kwanza walikuja thelathini. Kwa hili hakuja mtu. Wengine walitazama ndani ya chupa zao. Yule mzee wa shati la pasi aliinuka akaenda kukojoa. Kijana mmoja wa baiskeli akasema, "Huyu mama anaumwa," wakacheka. Nikapiga kelele tena, na tena, mpaka mwenye kabare akaja kunishika mkono kwa adabu, akaniomba nisimfukuzie wateja.

Nimekwenda Jumamosi nne. Nimekwenda na Itaba, nikasimama sokoni kwao, nikasema. Sijui kama imesaidia. Mwezi uliopita mke wake alimwambia mume wangu kwamba ndoo hawafichi tena, basi. Minani hataki kutuona, na hilo ni haki yake. Kila mwezi tunapeleka chakula, tunakiacha kwa jirani yake.

Mama Neema alihama. Alisema hawezi kulala karibu na mimi. Nilimkuta sokoni mara moja, akaongea na mteja huku ameweka kiganja mbele ya mdomo.

Mume wangu hakuomba uhamisho. Yuko Muyinga na watoto. Hatujaachana, lakini hatujarudiana pia. Mimi sasa nashonea watu kwa cherehani ya kuazima.

Kisiki kilitoka. Walikuja wanaume wawili wa Buraza, wakakiona, wakazunguka, wakasema laki moja na nusu. Nikasema sawa, nikawapa nusu mkononi kabla hawajashika jembe. Nilikopa kwa dada yangu. Walichimba siku nne, na nusu ya kazi ilikuwa imeshafanywa! Shimo lipo wazi mpaka leo, hakuna anayejenga.

Ndugu yangu unayesikia, kama una kisiki nyumbani kwako, usitazame video. Kitazame kisiki. Uliza watu watatu, waulize mizizi imefika wapi, wapo wangapi, siku ngapi, watakula nini. Kikiwa kikubwa, kiko karibu na ukuta, jua kwamba unalipia wiki nzima ya mwili wa mtu, na mwili huo una bei. Kama huna, sema sina. Kiache kichipue, hakijawahi kumuua mtu.

Na lile neno, nakuomba! Liogope. Watu wanalingoja, wamekaa pale wanakunywa, hawana habari na wewe, lakini lile neno wanalingoja. Ukilitoa hulirudishi hata upige kelele Jumamosi mia.

Bei ikikushinda, mwambie mtu asante, umfungulie geti, aende zake akiwa mzima.